Hapana kukata resori! Motokari ya mbio na mifuko tatu ya unga mu Makomeno

Siku ya mposho, saa mbili ya asubuhi, tulifika ku Makomeno, mu lupango ya mekanisia mumoja ambaye majirani wote wanamwita tu Muzee. Chini ya muembe kulikuwa Subaru Impreza ya rangi ya bulu, milango wazi. Usukani wake uko kuume, sawa ule wa motokari mingi zenye zinatoka Japani na kupita Dar es Salaam, Zambia na Kasumbalesa mbele ya kufika kwetu. Lakini pa kiti ya dereva hapakuwa mutu. Palikuwa mifuko tatu ya unga wa mahindi, kilo 25 kila mufuko, imefungwa na mukaba sawa abiria mwenye adabu.

Tukauliza: "Muzee, huyu dereva wako anaitwa nani?"

"Anaitwa Bukari," alijibu bila kucheka. "Kilo 75. Njo uzito ya mwenye motokari. Ukipima motokari bila mutu ndani, unapima motokari ya mutu mwingine."

Mwenye motokari alikuwa nyuma ya nyumba, anatafuta uzi wa kuvulia samaki. Ni kijana wa miaka makumi tatu na kitu, kazi yake ni kuendesha kamioni ku njia ya Kasumbalesa. Alituomba tusiandike jina lake, juu ya hadithi ya mama wa makala ambayo tutaisema hapa chini. Tutamwita Dereva, inatosha. Hamu yake ni moja: anapenda mbio. Si mbio za usiku ku balabala, fasi watu wanarudia ku nyumba na watoto wanavuka. Anataka mbio za autocross, zile za watu wa kawaida, na motokari ile ile yenye inapeleka watoto ku masomo siku ya kwanza.

Je, inawezekana? Tulikaa naye na Muzee siku mbili, siku ya mposho na siku ya yenga, tukashika mita, tukashika uzi, tukaandika. Haya njo tuliyoyaona.

Autocross ni nini?

Jina ni moja, lakini michezo ni tatu. Ku Ulaya, autocross ni motokari nyingi zinakimbizana pamoja ku udongo ao ku majani. Ku Marekani, ni motokari moja moja, ku kiwanja cha lami, mara nyingi ku parkingi kubwa, dereva anazunguka koni na saa inamuhesabia. Ku Kenya, ni motokari moja moja na saa, lakini ku udongo; wapenzi wa mambo haya wanajua Jamhuri Park ya Nairobi, fasi watoto wadogo nao wana daraja lao na vimotokari vyao.

Dereva wetu anafuata mutindo wa saa: mutu peke yake, mwendo si mukubwa, kona ni nyingi. Ni muchezo wa maskini ikiwa tunalinganisha na rali. Kofia ngumu, mukaba, kiwanja kilichofungwa na motokari yenye breki nzuri, basi. Na juu ya kona ni nyingi na mwendo ni kidogo, mwenye kushinda si mashini yenye nguvu. Mwenye kushinda ni miguu ya motokari: mapine, resori, amortiseri, na namna magurudumu yamesimama.

Makosa yanaanzia hapo. Watu wanaona ku televizyo motokari ya mbio iko chini kabisa, karibu ya lami. Wanasema: kumbe, kushusha njo kukimbia. Wanakwenda fasi wanakata resori.

Ile siku ya makala

Dereva naye alifanya vile. Ku garage moja ya muji, jina hatutaliandika, walimukatia resori zote ine na mashini ya kukatia chuma. Saa mbili ya kazi, feza kidogo, motokari ikakaa chini, muzuri kuangalia. Wiki tatu alitembea nayo, marafiki wanamupigia picha.

Siku moja alikuwa na watoto wake wawili nyuma. Mwendo haukuwa mukubwa, anasema kilometa 50 kwa saa, na sisi tunamuamini, juu ya bibi yake alikuwa kando yake na hakumukataza. Kukawa shimo. Motokari yenye resori nzima ingeshuka, ingepanda, ingeendelea. Ile yake ilishuka paka mwisho, chuma ikagonga chuma, pine ya mbele ikaacha kushika chini, na pua ikaruka kuume, ku kando ya njia, fasi mama mumoja alipanga vifuko vya makala. Mama aliruka. Meza ilivunjika, makala ikamwangika mu njia. Hakuna mutu aliumia. Dereva alilipa makala, alilipa meza, aliomba musamaha akiwa amepiga magoti.

Usiku, bibi yake alimwambia maneno yenye alituambia mwenyewe, bila kupandisha sauti: "Bwana yangu, weye unaweza kupanda ile motokari. Batoto yangu hawatapanda tena."

Njo maana Impreza iko chini ya muembe wa Muzee.

Juu ya nini resori haikatwi

Muzee aliinua motokari na kriki, akatuita. "Mukamate hapa." Tulikamata resori ya mbele na mukono. Ilikuwa inacheza! Gurudumu likining'inia, resori ilikuwa fupi kuliko fasi yake, inatikisika sawa jino la muzee. "Sasa fikirini," alisema, "motokari inaruka kiloko, gurudumu inaning'inia, resori inatoka mu kiti yake. Ikirudia, itarudia wapi?"

Tuliandika sababu zake, na tunazipanga hapa kwa lugha ya kila mutu.

Ya kwanza, urefu. Resori ya kiwanda ilifanywa ibaki imebanwa hata gurudumu likining'inia. Ukiikata, inapoteza ile kubanwa.

Ya pili, ugumu. Wengi hawajui kwamba resori fupi ni resori ngumu. Hesabu ni rahisi: resori yenye duara sita za kufanya kazi, ukikata moja na nusu, zinabaki ine na nusu. Sita gawanya kwa ine na nusu: ugumu umepanda kwa karibu theluthi moja. Mutu atasema, "Muzuri, ya mbio inapashwa kuwa ngumu." Lakini amortiseri ilitengenezwa kwa ajili ya resori ya zamani, haina nguvu ya kutuliza ile mupya. Motokari inaanza kurukaruka.

Ya tatu, safari ya gurudumu. Kati ya motokari iliyosimama na mwisho wa amortiseri kuna nafasi ya kushuka. Ukishusha motokari sentimeta tano, umekula sentimeta tano za ile nafasi. Kona ya kwanza yenye shimo, unafika mwisho. Ukifika mwisho, hauna tena resori, una chuma. Pine inapoteza kushika mara moja, bila kukupa habari.

Ya ine, mikono ya chini. Impreza hii, mbele na nyuma, imesimama ku miguu ya aina ya MacPherson, jina la enjinia wa Marekani aliyeibuni miaka ya 1940: amortiseri na resori ni muguu mumoja, na chini kuna mukono unaoshika gurudumu. Ukishusha motokari sana, ule mukono unaanza kuangalia juu. Ku kona, motokari inalala zaidi na gurudumu la inje linasimama vibaya, linatembea ku bega la pine. Ulitaka kushika zaidi, umeshika kidogo.

Ya tano, moto. Ukikata na gazi ya kuchomelea, chuma inapoteza ugumu wake pale ilipochomwa. Resori inaweza kupasuka siku yenye hautazamii.

Muzee alikaa ku kiti chake kidogo, akamwangalia Dereva. "Mutoto yangu, ule mutu hakukata resori. Alikata miguu."

Dereva alijibu pole pole: "Muzee, miye nilikuwa nazani motokari ya chini njo inashika."

"Haukukosa yote. Uzito ikiwa chini, motokari inalala kiloko ku kona, ile ni kweli. Lakini bale ba mbio banashusha na resori ingine, amortiseri ingine, na balabala yabo iko sawa meza. Weye balabala yako iko namna gani?"

Hakuna aliyejibu. Sisi wote tulipita njia moja kufika pale.

Mafundisho ya Safari

Wenye kupenda rali wanajua kwamba Afrika ya mashariki ilifundisha dunia neno moja juu ya miguu ya motokari. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh wa Kenya aliishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta aliishinda mara tano: 1973, kisha mara ine kwa kufuatana, toka 1979 mpaka 1982. Impreza yenyewe ilishinda Safari: mwaka 1997 na Colin McRae, mwaka 2000 na Richard Burns.

Basi, zile Impreza za Safari zilikuwa chini? Hapana. Zilikuwa juu. Ku Ulaya, ku lami, walishusha motokari zao karibu ya ardhi. Wakija Kenya, waliziinua, wakazipa amortiseri zenye safari ndefu, juu ya mabwe, mashimo na mayi. Kampuni ni moja, motokari ni moja, lakini balabala inaamuru. Dereva alipenda sana Impreza ya McRae. Alikuwa na picha yake ku telefone. Muzee alimwambia aitoe, amuoneshe nafasi kati ya pine na bodi. Kijana aliangalia, akanyamaza, akaweka telefone mu mufuko.

Kazi ya siku ya mposho

Mbele ya kutengeneza, kwanza kuponyesha. Muzee hakubali kugusa kipimo chochote kama rotili inacheza ao silambloku imepasuka. "Ni sawa kupima kitambaa na mita ya mupira," anasema. Alitikisa kila gurudumu, juu na chini kwa ajili ya rotili na rulema, kushoto na kuume kwa ajili ya fimbo za usukani. Silambloku za mikono ya chini zilikuwa zimekufa, zilibadilishwa. Amortiseri za nyuma zilikuwa zinamwanga mafuta. Zilibadilishwa mbili pamoja, juu ya amortiseri hazibadilishwi moja moja: moja mupya na moja nzee ku ekseni moja, motokari inavuta upande mumoja ukipiga breki. Resori zilizokatwa zilitupwa. Badala yake wakapata ine za kiwanda, kutoka ku Impreza ingine iliyovunjwa vipande, zenye urefu sawa na bila kutu.

Feza ya vile vyote ilitoka wapi? Ilitoka ku likelemba ya bibi ya Dereva. Zamu yake ilikuwa imefika, na ile feza ilikuwa imewekwa kwa ajili ya minervali ya watoto. Alimukopesha bwana yake na masharti mawili: feza irudie mbele ya masomo kuanza, na motokari ikirudia nyumbani iwe ya watu wote, si ya mutu mumoja. Sharti la pili njo liliongoza kazi yote. Kila mara Dereva alipotaka kitu kikali zaidi, Muzee alimuuliza: "Na siku ya kwanza asubuhi?"

Kisha vipimo. Hapa mekanisia wengi wanasema bila mashini ya kompyuta hauwezi. Muzee anaweza, na vyombo vyake ni hivi: uzi wa kuvulia, matofali ine, timazi ya mwashi, bomba ya plastiki inayoonesha mayi, mita, na chaki.

Bomba ya mayi ni ya kwanza. Wamwashi wanaijua: mayi ku ncha mbili za bomba yanasimama kimo kimoja. Na bomba ile alitafuta fasi magurudumu ine yanasimama sawasawa. Pale palipokuwa chini aliweka kibao chembamba. Kisha alisukuma motokari mbele na nyuma mita chache ili miguu itulie, juu ya motokari inayotoka ku kriki inasimama kwa uongo. Kisha mifuko ya unga ikapanda ku kiti.

Paralelismu, ni kusema namna magurudumu yanaangalia mbele, aliipima na uzi. Matofali mbili mbele, mbili nyuma, uzi umenyooka ku kila upande wa motokari, ku kimo cha katikati ya gurudumu, umbali sawa na mustari wa katikati wa motokari. Halafu unapima toka uzi mpaka ukingo wa mbele wa janti, na toka uzi mpaka ukingo wa nyuma. Hesabu zikiwa sawa, gurudumu linaangalia mbele kabisa. Motokari za mbio mara ingine zinafungua pua za magurudumu ya mbele kidogo, milimita moja ao mbili, ili zigeuke haraka. Lakini ku njia ndefu zinatangatanga na zinakula mapine. Muzee aliweka sifuri. "Siku ya kwanza asubuhi," alisema mbele ya kuulizwa.

Kulala kwa gurudumu alikupima na timazi. Uzi unashuka wima kando ya gurudumu. Unapima juu ya janti, unapima chini. Kwa urefu wa sentimeta 40, kila digiri moja ni karibu milimita 7. Alitaka gurudumu la mbele lilale kidogo ndani ku upande wa juu, digiri moja na nusu, ni kusema milimita kumi na nusu. Sababu yake: ku kona motokari inalala inje na kulivuta gurudumu pamoja nayo, ukilitanguliza kulala ndani, mu kona linasimama wima na pine inakanyaga na uso wake wote. Impreza ina bahati: bulo ya juu inayofunga muguu ku gurudumu la mbele ina umbo la yai, ukiizungusha gurudumu linalala ao linasimama. Kazi ya funguo mbili na uvumilivu. Ukizidisha, pine inakwisha ku upande wa ndani na hautaiona mpaka nyuzi zitoke inje.

Saa kumi na moja ya mangaribi kila kitu kiliandikwa mu kayee ya masomo: tarehe, mapine, pumuzi, milimita. Muzee hana komputa, lakini ana kayee makumi na makumi ku kabati. "Kichwa inasahau. Kayee haisahau."

Siku ya yenga, bidoni kumi na mbili

Siku ya yenga, nyuma ya misa, tulikwenda ku kiwanja cha saruji chenye ukuta, cha rafiki mumoja anayeweka kamioni zake pale. Tuliomba ruhusa, kamioni ziliondolewa, mulango ukafungwa. Mabidoni ya njano ya litre 20, matupu, na muchanga kidogo ndani ili upepo usiyabebe, njo yalikuwa koni zetu. Kumi na mbili: sita mu mustari kwa kupita huku na huku, mbili kwa kuzunguka, ine kwa mulango wa mwisho. Kofia ngumu ku kichwa, mukaba, muzimamoto kando yetu, na hakuna mutoto ndani ya ukuta. Sisi tulishika saa ya telefone.

Mara ya kwanza: sekonde 41 na sehemu nane. Dereva alishuka akilalamika: pua inasukuma. Ukigeuza usukani, motokari inaendelea kwenda mbele, haitaki kona. Ni kilio cha kawaida cha motokari za namna ile. Yeye alitaka mara moja kulaza magurudumu zaidi. Muzee alikataa. Alitoa chaki.

Kama umewahi kupaka chaki ku bega la pine unajua: unachora mistari toka uso wa pine mpaka kando, unapiga mbio moja, unaangalia chaki imefutika mpaka wapi. Ku Impreza ilikuwa imefutika mbali ku kando, fasi pine haipashwi kukanyaga. Maana yake pine inapinduka, pumuzi ni kidogo. Mapine ya mbele yalipandishwa toka baa 2,2 mpaka baa 2,5. Hakuna kingine. Mara ya pili: sekonde 40 na sehemu tisa. Pumuzi ya bure ilileta karibu sekonde nzima.

Kisha kukawa kosa lenye linatufundisha sisi wote. Wakati Muzee alikuwa anakunywa mayi, Dereva alitoa gurudumu la akiba ku nyuma, akapandisha pumuzi ya nyuma na kushusha ya mbele kidogo, "kwa kujaribu". Saa ikasema 41 na sehemu tatu. Juu ya nini imerudi nyuma? Ni uzito? Ni pumuzi ya nyuma? Ya mbele? Ao dereva mwenyewe amechoka? Hakuna mutu aliweza kujibu. Muzee hakukasirika. Alifungua kayee, akachora mustari ku ile mbio, akaandika pembeni: "Hii hatuna maana yake." Akarudisha kila kitu sawa ilivyokuwa. Kitu kimoja, mara moja, na saa: njo sheria yote.

Mara ya ine, na vipimo vya mara ya pili, Muzee alipanda ku kiti cha kando. Walirudi na sekonde 41 na sehemu moja, juu ya uzito wa Muzee, lakini alikuwa anatabasamu.

"Nani anasukuma pua?" alimuuliza Dereva. "Ni muguu yako. Unafika ku kona mbio, unageuza usukani wakati breki ingali inakamata yote. Pine iko na kazi moja ao ingine. Ukiitumisha kwa kusimamisha, haina nguvu ya kugeuza. Piga breki mapema, mbele ya bidoni, achilia pole pole, na geuza. Ingia pole, toka mbio."

Mara ya tano, Dereva peke yake: sekonde 39 na sehemu sita. Zaidi ya sekonde moja, na hakuna funguo iliyoguswa. Kijana aliketi ku bidoni, kofia mu mikono. Feza aliyotoa siku ya kwanza kwa kukata resori, ingeweza kununua mapine mawili.

Kwa wasomaji wenye hawatakimbia

Ulisoma mpaka hapa na hauna Impreza, una taxi yako ao motokari ya nyumba? Mambo ni yale yale, na mengine hayaombi feza.

Kanyaga kona ya motokari na mikono yako, achilia. Ikipanda na kusimama, amortiseri inaishi. Ikirukaruka mara mbili, mara tatu, imekufa ao iko karibu. Angalia kama fimbo ya amortiseri imelowana mafuta. Pitisha mukono ku uso wa pine: ukisikia vilima na mabonde, gurudumu linarukaruka ku njia. Pine ikiisha upande mumoja tu, vipimo vimepotea. Usinunue mapya mbele ya kunyoosha. Pima pumuzi asubuhi, mapine yakiwa ya baridi. Na mutu akikuambia atakukatia resori, muombe kwanza apande naye kiti cha nyuma ku njia ya kwako.

Ku saa kumi, bibi ya Dereva alifika na watoto wawili. Hakuuliza habari za sekonde. Aliuliza: "Unga yangu iko wapi?" Mifuko tatu ilikuwa mu kofre, salama. Kisha alifanya kitu ambacho hatukukitazamia. Aliweka mikono miwili ku pua ya motokari, akakanyaga na uzito wake wote, akaachilia. Motokari ilipanda, ikasimama. Alizunguka, akafanya vile ku kona zote ine, sawa mutu anayechagua malongo ku soko. Tuliangalia Muzee. Muzee aliangalia muti.

"Nani alimufundisha?" tukauliza.

"Alikuya siku ya ine, peke yake. Aliomba nimuoneshe. Mutu akikopesha feza, anapashwa kuyua feza inakwenda wapi."

Mama alifungua mulango wa nyuma, akapandisha watoto, akawafunga mikaba. Yeye alikaa mbele, ku kushoto. Mbele ya kufunga mulango alimwambia bwana yake: "Pole pole ku ile shimo." Dereva alijibu, "Ndiyo, mama."

Tulifuata nyuma yao mpaka ku njia ya makala. Mama wa makala alikuwa pale, meza yake mupya. Motokari ilipunguza mwendo, ikashuka mu shimo, ikapanda, ikatulia. Dereva alipiga honi kidogo kwa salamu. Mama aliinua mukono, lakini tuliona kwamba alisimama kwanza, akarudi nyuma hatua mbili, mbele ya kuuinua.

Likelemba ingali inadai. Minervali haingojee mutu. Dereva ametuambia atafanya safari mbili za zaidi ku Kasumbalesa mbele ya kurudia ku bidoni.